Tuhesabu maafisa, si makurutu pekee

Kila usajili wa KDF ukitangazwa, kilio chetu Wapwani ni kimoja: vijana wetu wangapi wamechukuliwa? Mimi nauliza jingine. Hao waliochukuliwa wanapanda hadi wapi?

Kifungu cha 241 cha Katiba kinataka uongozi wa jeshi uakisi maeneo na makabila yote ya Kenya. Uongozi huo hutoka kwa maafisa. Kurutu huweza kuingia na D ya kidato cha nne. Kadeti hutakiwa B, na umri una mpaka. Kwa hivyo koplo wetu aliyejiendeleza kimasomo asikawie kuomba uafisa. Miaka haimngoji.

Njia ipo. Jackson Mulinge alianza askari wa kawaida katika KAR, akaishia jenerali na Mkuu wa Majeshi. Samson Mwathethe, mwana wa Pwani, alipitia ukadeti, akashika cheo hichohicho 2015.

Wabunge wetu, basi, wadai pia hesabu ya makadeti. Nasi wazazi tusitosheke na gwanda. Kijana akija likizo, tumuulize: ombi la uafisa umepeleka?