Asiyeona arudishiwe randa yake

Majuzi nilikwenda Malindi kumjulia hali mjomba wangu, ndugu yake marehemu mama. Nilimkuta uani amelaza mlango wa kabati juu ya meza yake ya kazi, randa mkononi, na maranda yamejaa miguuni pake. Jirani mmoja aliyekuwa akipita alisimama, akatikisa kichwa, kisha akaninong'oneza, kana kwamba mzee ni kiziwi pia: "Mwalimu, mnamwachaje mzee afanye kazi hii? Mwataka ajikate?"

Mjomba wangu haoni. Alipoteza nuru ya macho yote mawili kwa ugonjwa wa glakoma, ambao wengi wetu huuita presha ya macho. Kabla ya hapo alikuwa seremala kwa zaidi ya miaka 30, na mpaka leo kuna watu mjini humo wanaolala juu ya vitanda vya mkono wake.

Swali la jirani yule ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Halikuwa swali la mtu mwenye nia mbaya. Lilitoka kwenye huruma, na ni huruma hiyo hiyo ninayotaka kuizungumzia hapa, maana naijua vizuri. Niliwahi kuitumia mimi mwenyewe kumdhulumu mtu aliyenilea.

Mwaka 2011, mzee alipokuwa haoni tena hata kivuli, ukoo ulikutana kushauriana. Tulikata shauri kwamba zana zake ziuzwe zisije zikamdhuru. Misumeno, patasi, keekee, jiliwa na randa zote zilibebwa kwa mkokoteni siku hiyo hiyo. Msemaji mkuu wa kikao kile nilikuwa mimi, kwa kuwa ndiye niliyehesabiwa kuwa msomi. Hakuna aliyemuuliza mwenye mali. Naye alikuwa ameketi barazani, hatua chache tu kutoka tulipokaa, akisikia kila neno. Fedha zilizopatikana tulimnunulia godoro na redio, tukajiona tumetenda wema.

Kwa miaka miwili mjomba aliketi barazani na redio yake. Aliniambia baadaye kwamba maradhi yalimnyang'anya nusu ya kazi yake, nasi watu wa nyumbani tukamnyang'anya nusu iliyobaki.

Mvua za masika za mwaka 2013 ndizo zilizomwamsha. Mlango wa mbele ulivimba kwa unyevu ukawa haufungiki. Fundi aliyeitwa alichukua ujira wake, akaparaza upande usiohusika, akaenda zake. Mlango ukabaki na pengo la kupitisha paka upande mmoja na kugoma upande wa pili. Mzee alipitisha kidole kwenye pengo lile, akanyamaza kitambo, kisha akaniambia: "Mwanangu, nitafutie randa moja." Nilimwendea mtu aliyezinunua zana, nikairudisha randa moja kwa bei iliyokaribia mara mbili ya ile tuliyomuuzia.

Niruhusu msomaji nikueleze alivyofanya, kwa sababu wengi wetu hatuamini mpaka tuone, nasi tulio na macho ndio wagumu zaidi wa kuona. Kwanza alichukua kipande cha karatasi ngumu, akakipitisha baina ya mlango uliosukumwa na kiunzi chake, kutoka juu hadi chini. Karatasi ilipokwama, alijua ubao unagusa hapo. Hakutumia penseli. Alichora mstari kwa ncha ya msumari, mstari wenye mfuo unaoshikika kwa ukucha. Alifungua bawaba kwa bisibisi, akazitia parafujo katika kikombe kimoja ili zisipotee, akaulaza mlango mezani. Kabla ya kupitisha randa aliupapasa ubao kuelekea huku na huku ajue nyuzi zake zimelala vipi, kwani randa ikienda kinyume cha nyuzi huung'oa ubao badala ya kuulainisha. Jua lilipokuchwa mimi nilikwenda kutafuta taa. Yeye hakuwa na haja nayo. Usiku ule mlango ulifungika.

Tangu siku ile nimejifunza mengi. Kumbe kazi nyingi za useremala tunazodhani ni za jicho ni za mkono na sikio. Anayetaka kukata mbao kumi za urefu mmoja hana haja ya kusoma namba kumi: hufunga kipande cha ubao kwa jiliwa kiwe kizuizi, akasukuma kila mbao mpaka igote hapo, kisha akakata. Anayetaka msumeno uende wima huufuatisha kwenye gogo lililonyooka lililobanwa kando ya mfuo. Msumari hushikwa kwa koleo badala ya vidole, baada ya kutobolewa tundu dogo la kuuongoza. Povu la pimamaji haliwezi kupapaswa, lakini timazi yaweza, na gololi ikiwekwa juu ya rafu itabingirika kuelekea upande ulioinama, mlio wake usikike. Huko Marekani wasioona hutumia kipimo cha chuma chenye hesi 16 katika kila inchi, ambacho hulia kikisogezwa. Kila mlio ni sehemu moja ya 16 ya inchi. Huo ni usahihi ambao mafundi wengi wenye macho na utepe wa kupimia hawaufikii.

Wala mambo haya si mapya. Mwaka 1915, vita vikuu vya kwanza vikiwa vimepamba moto, Arthur Pearson, mwenye magazeti wa Uingereza aliyepofushwa na glakoma kama mjomba wangu, alianzisha mjini London makao ya St Dunstan's kwa ajili ya askari waliopofukia vitani. Miongoni mwa kazi walizofundishwa hapo ilikuwemo useremala. Imepita zaidi ya karne moja, nasi tungali tunaulizana iwapo mtu asiyeona anaweza kushika patasi.

Mimi ni mwanaisimu, na kila mchumia juani hulia kivulini kwake. Kwa hiyo msomaji atanisamehe nikiugeukia mlango wa taaluma yangu. Siku tulipokuwa tukiurudisha mlango ule mahali pake, nilikuwa msaidizi. Mjomba aliuliza tundu la parafujo liko wapi, nikamjibu: "Pale, Mjomba, hapo juu kidogo." Akacheka sana. "Mwanangu," akasema, "wewe wafundisha Kiswahili chuo kikuu, nami waniambia pale? Pale ni wapi?"

Nilitahayari. Kila mwaka huwafundisha wanafunzi kwamba lugha yetu ina ngeli za mahali zinazotenganisha mahali mahususi, mahali pasipo dhahiri na mahali pa ndani, nikajisifu kwamba ni utajiri usiopatikana katika lugha nyingi. Lakini neno "pale" ni kiashiria, na anayeashiria hutumia kidole. Kidole kisipoonekana, neno hilo hubaki ganda tupu. Mzee alinifundisha kusema namna nyingine: "Nyanda mbili juu ya bawaba ya chini, wanda moja ndani ya ukingo." Wanda ni upana wa kidole. Juu yake kuna shubiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho mkono ukikunjuliwa. Shubiri mbili ni dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na dhiraa nne ni pima moja, yaani mikono miwili iliyonyoshwa. Wahenga wetu walijenga nyumba na majahazi kwa vipimo hivi, na hakuna hata kimoja kinachohitaji jicho. Tumevitupa katika kamusi vikaota kutu, ilhali kuna watu ambao vingewafaa leo hii.

Hapo ndipo nilipotambua ugumu ulipo. Mafundi wetu hufundisha kwa kusema, "Angalia ninavyofanya." Kwa mwanafunzi asiyeona, hilo ni sawa na kumfungia mlango. Kumfundisha kunamlazimu mwalimu aitaje kila zana kwa jina lake, kila upande kwa jina lake na kila tendo kwa kitenzi chake. Vitu hivyo tunavyo: timazi, jiliwa, keekee, tupa, msasa, bawaba, komeo. Tumeviacha tukawa tunasema "hiki kidude" na "ile kitu". Karakana itakayojifunza kusema sawasawa kwa ajili ya mmoja asiyeona itawafaidi pia 20 wanaoona.

Katika miaka ya karibuni pamekuwa na mjadala kuhusu jina. Wapo wanaolikataa neno "kipofu" kwa kuwa limo katika ngeli ya vitu, pamoja na kiti na kisu, wakapendekeza "asiyeona". Mimi mwenyewe nimelitumia hilo la pili katika makala haya, kwa heshima. Hata hivyo nawaomba wenzangu wa lugha tusiridhike mapema. Tumemwondolea mtu kiambishi, hatujamrudishia randa. Ukimwita kwa jina zuri kisha ukamketisha barazani siku nzima, umempamba tu.

Jambo lenyewe halihusu wazee peke yao. Mjomba sasa anaye mwanafunzi, kijana wa miaka 19 aliyezaliwa bila kuona, aliyemaliza masomo na kupata alama za kuridhisha. Kwa mzee amejifunza kuunda viti, kubadilisha vitasa na kutia mpira mpya ndani ya mfereji unaovuja. Mwaka jana alikwenda kujiandikisha katika chuo kimoja cha ufundi, nami nilimsindikiza. Tuliambiwa kwa upole kwamba useremala haumfai, kwa usalama wake, na kwamba hataweza kufanya mtihani wa vipimo. Akashauriwa asuke vikapu. Sina dharau kwa vikapu; vimewalisha wengi. Lakini kijana yule hakuomba vikapu. Bila cheti hawezi kupata zabuni hata ya kutengeneza madawati ya shule ya kijijini kwao, ingawa mikono yake inayaweza.

Kenya si nchi isiyojua wajibu huu. Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa mwaka 1946. Machakos tuna chuo cha ufundi kilichowekwa mahususi kwa wasioona. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa kila mwenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu zilizochangamana na jamii, na haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vya ulemavu wake. Sheria mpya kuhusu watu wenye ulemavu ilitiwa saini mwaka 2025. Karatasi tunazo. Kinachokosekana ni rula yenye mifuo katika karakana ya kaunti.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Serikali za kaunti, ambazo ndizo zenye dhamana ya vyuo vya ufundi vya vijijini, ziagize kwamba asikataliwe mwombaji yeyote kwa sababu ya macho kabla hajajaribiwa kwa mikono yake. Wanaotunga mitihani ya ufundi waruhusu vipimo vya kupapaswa na maswali ya mdomo, kwani mtihani unapima mlango uliotengenezwa, haupimi jicho lililoutazama. Na sisi wa idara za Kiswahili tuandike vitabu vya ufundi kwa lugha inayoeleza badala ya kuonyesha, kisha vichapishwe pia kwa maandishi ya nukta, ambayo Katiba hiyo hiyo imeitaka dola iyaendeleze.

Najua nitajibiwa kwamba kuna hatari. Naam, ipo. Mjomba ana kovu kwenye kidole gumba, lakini alilipata akiwa na macho mazima. Mashine ya kupasulia mbao haiulizi kama unaona ndipo ikate vidole, na mafundi wangapi wenye macho tunawajua ambao vidole vyao havitimii kumi? Kinga ya fundi ni mpangilio: kila zana irudi mahali pake, asiingie mtu karakanani bila kubisha, msumeno usiachwe sakafuni. Wala sisemi kila asiyeona awe seremala. Si kila mwenye macho anayeweza kupiga msumari ukanyooka, nami ni shahidi wa hilo. Nasema tu aachiwe achague na ajaribu, kama tunavyoachiwa sisi.

Ewe msomaji, huenda nyumbani kwako yupo aliyepoteza nuru ya macho, na ukoo unapanga kukutana kuzungumzia vitu vyake. Kabla hamjaita mkokoteni, muulizeni yeye kwanza. Yuko barazani, na anawasikia.