Turubai Mbili, Mto Mmoja

Imekita mizizi katika idara zetu dhana kwamba kazi ya sanaa, na hata uhakiki wake, ni zao la mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Mwanafunzi akionekana akijadili shairi na mwenzake kabla ya kuliandikia tahakiki, huanza kutiliwa shaka. Nimewahi kuwaona wenzangu wawili wakirudishiwa kazi zao bila alama kwa kuwa walilichambua shairi moja wakiwa meza moja maktabani, ilhali hoja zao zilikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Yamkini aliyezisahihisha hakuzisoma hadi mwisho. Woga huu unatunyima mengi, na ushahidi wangu nitauchota nje kidogo ya fasihi, kwa wachoraji wa rangi za mafuta.

Kwa muda mrefu wachoraji wa Ulaya walifungwa na vifaa vyao. Rangi ilisagwa karakanani na kuhifadhiwa katika vibofu vya nguruwe, navyo vikishatobolewa havikuzibika vyema. Mwaka wa 1841 John Goffe Rand, mchoraji Mmarekani aliyekuwa London, alisajili uvumbuzi wa tyubu ya bati iliyoweza kukamuliwa na kufungwa tena, mfano wa hii tunayotilia dawa ya meno. Sasa mchoraji aliweza kutia rangi zake mkobani akatoka. Huko nje hakukuwa na starehe. Rangi ya mafuta hukauka polepole, basi kila kinachopeperuka hunasa. Jua nalo halimngoji mtu. Picha ya ufuo wa Trouville aliyoichora Claude Monet mwaka wa 1870, ambayo imo katika National Gallery mjini London, ina chembe za mchanga zilizoganda ndani ya rangi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika kiangazi cha 1869, Monet alikuwa na hali mbaya. Majaji wa maonyesho makuu ya Paris, yaliyoitwa Salon, walikuwa wamezikataa kazi zake, na chakula kilikuwa haba nyumbani. Rafikiye Auguste Renoir, ambaye naye hakuwa na kitu, alimletea mkate kutoka kwao. Wawili hao walizibeba turubai zao hadi La Grenouillère, mahali pa kuogelea na kujiburudisha kando ya mto Seine, magharibi mwa Paris, wakaketi karibu karibu na kuchora kitu kilekile: kijisiwa cha duara chenye mti mmoja, daraja jembamba la mbao, mashua na watu waliokuja kupunga upepo.

Tazama matokeo. Katika picha ya Monet, ambayo leo iko New York, maji ndiyo mhusika mkuu. Ameyapaka kwa mapigo mapana ya brashi, vipande vya mwanga na vya giza vikilaliana, nao watu amewapitia juu juu tu. Renoir, ambaye picha yake iko Stockholm, amewasogeza watu karibu na macho yetu. Brashi yake ni nyepesi, na unaona kwamba nguo za wanawake zilimvutia kuliko mto. Walikuwa na mahali pamoja na majira mamoja, pengine hata mkate mmoja. Hakuna jaji mwenye akili timamu angewanyima alama kwa kuketi pamoja.

Najua nitakavyopingwa. Nitaambiwa kwamba wanafunzi si akina Monet, na kwamba ushirikiano ni jina la heshima la wizi wa kitaaluma. Wizi upo, sikatai. Lakini hebu tumtazame Paul Cézanne. Yeye aliazima picha ya Camille Pissarro, aliyemzidi umri kwa miaka tisa, akaiiga waziwazi ili ajifunze, kisha wakatoka pamoja kuchora mashamba ya kandokando ya Pontoise. Hatimaye uchoraji wa Cézanne ulikwenda njia yake yenyewe kabisa. Hata hivyo, katika miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki mwaka wa 1906, alipokwisha kupata jina, alitaka orodha ya maonyesho imtaje kuwa mwanafunzi wa Pissarro. Mwizi hafanyi hivyo. Tunachopaswa kukidai kwa wanafunzi ni huko kukiri, wala si upweke.

Isitoshe, sisi ndio wa mwisho kustahili kuuona ushirikiano kuwa jambo geni. Mwanzoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa zilipohasimiana, Bwana Zahidi Mngumi na Muyaka bin Haji walijibizana kwa mashairi, kila mmoja akizichukua kauli za mpinzani wake na kuzigeuza. Nani atazisoma tungo za mmoja vizuri huku amezifumba za mwenziwe?

Napendekeza, basi, kwamba walau zoezi moja la utunzi kwa muhula lifanywe nje na wawiliwawili. Waende Gikomba, au kituo cha matatu, waketi benchi moja asubuhi nzima na kuandika wanachokiona. Kila mmoja atie sahihi kazi yake, na chini yake amtaje aliyeketi naye na alichokipata kwake. Jarida hili lina kurasa zinazotazamana. Jozi ya kwanza ichapishwe humo, mmoja kushoto, mwenziwe kulia.