RAIA NI RAIA

Iko tabia moja ambayo yatupasa kuikemea mapema. Mtu amefuata sheria, ameukana uraia wake wa zamani, ameapa utii kwa Jamhuri, na mkononi ana hati ya uraia wa Tanzania. Hata hivyo akipita njiani bado huitwa mkimbizi. Na wamwitao hivyo si watoto tu, bali hata watu wazima wenye vyeo.

Twawasema hasa ndugu zetu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wazee wao walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wakapewa mapori katika sehemu ambazo leo ni mikoa ya Tabora na Katavi. Mapori hayo waliyafyeka kwa mikono yao, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakazaa na kuzika humo. Mwaka 2007 waliulizwa: mwarudi kwenu au mwabaki? Wanne hivi katika kila watano wakasema wanabaki. Kufikia mwaka 2010 maombi ya watu 162,000 hivi yalikuwa yamekubaliwa.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Waliambiwa kwanza wahame makazi yale na kutawanyika mikoa mingine, ndipo wapewe hati. Mtu alikuwa amekwisha kuukana uraia wa Burundi, na wa Tanzania hajaushika. Alipande shamba asilojua kama atalivuna? Miaka minne ilipita hivyo. Hati zilianza kugawiwa Oktoba 2014, na watu wakaruhusiwa kubaki walipo. Uamuzi huo wa mwisho ulikuwa wa haki, lakini haukupaswa kungojewa muda wote huo.

Wako wanaouliza karatasi ile ina faida gani. Na wamuulize aliyeishi kwa kibali, asiyeweza kutoka makazini kwenda kumwona mgonjwa bila ruhusa. Leo anakwenda Mwanza au Mbeya apendavyo. Anapiga kura, anagombea udiwani, anaomba kazi serikalini, anachukua pasipoti. Kura ndiyo twaiona kubwa kuliko yote, maana anayeombwa kura hapuuzwi.

Wasemao kuwa uraia ni wa damu tuwakumbushe Oktoba 1961. Katika Bunge la Tanganyika, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere, Waziri Mkuu wa wakati ule, alikataa katakata, akasema muswada ukikataliwa Serikali itajiuzulu. Muswada ukapita. Jambo hilo liliamuliwa hata kabla bendera yetu haijapandishwa, nasi hatuoni sababu ya kulirudia.

Hatusemi kwamba raia wa tajnisi yu sawa na mzaliwa kwa kila neno. Urais ni wa raia wa kuzaliwa. Waziri aweza kumvua raia wa tajnisi uraia wake kwa sababu zilizotajwa na sheria, kama vile kuupata kwa udanganyifu. Lakini hayo ni ya sheria, na sheria haikumpa mtendaji wa kijiji ruhusa ya kuongeza yake.

Wako na wageni wengine waliokaa nasi siku nyingi bila kuomba. Sheria yataka mwombaji awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na miaka 7 kwa jumla katika miaka 10 ya nyuma yake. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na mwenendo mwema. Na akubali kuuacha uraia wa kwao, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Waziri akikataa halazimiki kutoa sababu, wala hakuna rufaa. Kifungu hicho hatukipendi, na twawaomba wabunge wetu wakitazame upya.

Kwa sasa twawataka viongozi wa matawi yaliyo karibu na makazi hayo wafanye jambo moja. Raia akifika ofisini na hati yake kuomba kiwanja, barua au nafasi ya mtoto shuleni, asiulizwe baba yake alitoka wapi. Aandikwe jina, ahudumiwe kwa zamu yake.