Tusimwache Mvuvi Mdogo Mwaloni

Wananchi wengi wakisikia habari za vizuizi vya biashara hufikiria ushuru wa forodha. Kwa mvuvi wa Ziwa Viktoria, kizuizi kikubwa zaidi ni cheti cha afya.

Desemba 1997 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Marufuku hiyo iliondolewa katikati ya mwaka 1998. Mwaka 1999 ikaja nyingine, safari hii kwa sababu ya habari kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakivua kwa sumu. Mwenye kiwanda aliweza kugandisha minofu na kutafuta soko jingine. Mvuvi wa kisiwani, asiye na barafu wala akiba, alibaki na samaki wanaomwozea mikononi.

Hapana shaka kila nchi ina haki ya kulinda afya ya watu wake. Lakini sharti lililo jepesi kwa kiwanda chenye maabara huwa mlima kwa mama mwenye magunia matatu ya dagaa. Tunashukuru kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, imeweka cheti rahisi cha uasili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Hata hivyo, cheti hicho hakiondoi wajibu wa kibali cha afya, na kibali hukifuata ofisini kwa nauli na kwa siku za kazi.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wanaohusika wasogeze huduma ya upimaji na utoaji wa vibali hadi kwenye mialo ya Chato na visiwani, kwa siku maalumu zinazojulikana.

Nanyi, ndugu zetu wa visiwani, mna wajibu wenu. Anikeni dagaa kwenye chanja, msiwaanike mchangani. Unganeni katika ushirika ili mizigo midogo ipimwe na kusafirishwa kwa pamoja. Anayetia sumu ziwani afichuliwe bila kuonewa haya, kwani samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Marufuku za 1997 na 1999 zilitukuta tumelala. Tujiandae sasa, udongo uwahi ungali maji.