Tusinunue Kasha, Tununue Kilichomo

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Usemi huu wa wahenga twapenda kuwakumbusha wote waliokabidhiwa dhamana ya kununua vifaa vya umeme kwa fedha za umma.

Njia ya misafara ya kale ilianzia pwani inayoelekeana na Unguja, ikapita Unyanyembe hadi Ujiji. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, iliifuata kwa sehemu kubwa, na Igalula, wilayani Uyui, ni kimojawapo cha vituo vyake. Leo vidhibiti vya umeme wa jua hutumika Igalula kama vinavyotumika Pemba. Lakini Igalula ina kiangazi kirefu, joto la mchana na baridi ya usiku. Pemba ina unyevu na chumvi ya bahari.

Ndani ya kidhibiti mna bodi ya saketi: matabaka ya shaba yaliyotenganishwa kwa kihami. Kihami kitumikacho zaidi ni FR-4, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kilichoshikanishwa kwa gundi ya epoksi. Kile cha karatasi na fenoli ni rahisi zaidi, ila hunywa unyevu upesi. Hata FR-4 hutofautiana: ya kawaida huanza kulainika kwenye nyuzi joto 130 hadi 140 za Selsiasi, iliyo bora kwenye 170 hivi. Unyevu ukipenya, shaba huweza kutambaa kando ya nyuzi za kioo na kuunganisha njia zisizopaswa kukutana. Na matabaka yasipolingana juu na chini, bodi hupinda ikipata joto, na viungo vya lehemu huweza kupasuka.

Hatusemi kwamba inunuliwe bodi ghali kuliko zote. Twasema ichaguliwe kwa kutazama mahali itakapofanya kazi. Zabuni inayotaja wati, volti na bei peke yake haijauliza kama kifaa kitadumu. Kikiharibika, anayelipa ni mwananchi: zahanati huingia gizani, na mkunga hushika tochi kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo tunawataka maofisa wanaohusika, Bara na Visiwani, waandike katika kila zabuni aina ya kihami, mpangilio wa matabaka na majaribio ya joto na unyevu. TBS na ZBS washirikishwe kabla ya malipo, si baada ya hasara. Rahisi huvunja upishi.