TAHARIRI: Usifute kibarua chako unapoomba nafasi ya uzamili

WAHITIMU wengi wanaoomba nafasi za kusomea shahada ya uzamili, hapa nchini na ng'ambo, wana mazoea ya kufuta katika wasifukazi kila kazi isiyohusiana na kozi wanayoitaka. Aliyesomea biolojia akaishia kuuza mitumba Gikomba anairuka miaka hiyo yote. Mwenye digrii ya uchumi aliyesimamia duka la M-Pesa anataja masomo yake, kisha kimya.

Vijana, acheni kuona haya. Sisi tunaoishi Kenya tunajua jinsi kazi zilivyo adimu. Lakini anayesoma maombi yako, hasa akiwa ng'ambo, hajui ulikopitia. Yeye anaona pengo la miaka mitatu tu, na huenda akadhani ulikuwa umekaa bure. Mstari mmoja kuhusu duka lako ungemwondolea shaka hiyo.

Isitoshe, wapo wafadhili wanaozihesabu kazi hizo. Ufadhili wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza, humtaka mwombaji awe na tajriba ya angalau miaka miwili, yaani saa 2,800 za kazi. Kazi ya muda, ya kujitolea na hata mafunzo ya kazini yasiyo na malipo hukubaliwa. Anayefuta vibarua vyake huenda anajifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Hii haina maana kwamba ujaze kurasa na kila kitu. Kazi inayohusiana na kozi itangulie na ielezwe kwa kina. Zile nyingine zifuate kwa mistari miwili au mitatu. Wiki moja uliyogawa vipeperushi, achana nayo.

Muhimu zaidi, usitaje cheo tu. Chukua mfano wa makarani wa sensa ya 2019, ambayo ilikuwa ya kwanza nchini kutumia vifaa vya kidijitali badala ya makaratasi. Anayeomba kusomea afya ya umma akiandika 'karani wa sensa' na kukomea hapo, hajasema kitu. Aeleze kwamba alibisha nyumba baada ya nyumba, akawashawishi watu waliokataa kuhojiwa, na akanasa majibu yao kwa usahihi. Huo ni ujuzi wa utafiti nyanjani. Vivyo hivyo, aliyesawazisha floti na pesa taslimu kila jioni katika duka la M-Pesa ana la kumwambia profesa wa masuala ya fedha.

Na pale ambapo hakuna uhusiano wowote, usilazimishe. Sema tu kwamba kazi hiyo ndiyo iliyokuwezesha kuweka akiba ya karo au kuwasomesha wadogo zako. Kuchapa kazi kwa miaka miwili bila kukata tamaa ni sifa inayohitajika sana katika uzamili.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, soma masharti. Kozi nyingine hudai tajriba ya taaluma husika pekee, na hapo kibarua hakiwezi kushika nafasi yake. Pili, usidanganye. Ukijiita 'meneja wa operesheni' ilhali ulikuwa ukiuza dukani, swali moja tu la mahojiano litakuumbua, na barua ya kughushi inaweza kukufikisha kortini.

Vyuo vikuu navyo visikae kitako. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wafunzwe kuandika wasifukazi unaolingana na maisha yao halisi, si ule wa kunakili mtandaoni wa mtu ambaye hajawahi kuhustle.

Kijana, jasho lako si aibu. Liandike, lieleze vyema, kisha utume maombi.