Sambaza na mwezi

Jioni wavuvi wa Ziwa Kivu wanaingia majini na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Wanashusha wavu, wanawasha taa, sambaza wanafuata mwanga. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, taa hazivuti tena: samaki wanatawanyika, bei sokoni inapanda.

Kwa hiyo sisi wauzaji tunahesabu mwezi. Siku za giza tunachanga pesa, tunanunua kwa wingi, tunaanika juani. Mwezi ukiwaka, watoto bado wanakula.

Tena tukatae sambaza waliovuliwa kwa chandarua: kinazoa hata vitoto. Samaki huyu aliletwa toka Tanganyika kuelekea 1960. Anaweza pia kwisha. Chandarua kibaki kitandani.